MUC2 imeshuka: jeni imezimwa au seli zimepungua?

Swali: Habari Daktari. Kwa utafiti wangu wa uzamili ninakuza oganoidi za utumbo wa binadamu, yaani vijiumbo vidogo vya seli vinavyoiga utumbo. Baada ya kuzipa dawa ninayoichunguza, RNA (nakala ambazo seli hutoa jeni inapofanya kazi) ya jeni ya MUC2 ilishuka hadi nusu kwenye PCR, kipimo cha kiasi cha nakala hizo. Je, niandike kwamba dawa inapunguza utendaji wa jeni hiyo?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Usiandike hivyo bado. Kipimo chako huanza kwa kusaga oganoidi nzima, na humo mna seli shina, seli za kufyonza, seli za homoni na seli za ute. MUC2 ni jeni ya seli za ute. Seli hizo zikipungua nusu, RNA yake nayo itashuka karibu nusu, hata kama kila iliyobaki inaitengeneza kama kawaida. Dawa kugeuza mchanganyiko wa seli ni jambo la kawaida: ukizuia mawasiliano ya Notch, njia ambayo seli jirani hupeana ishara za kuwa seli za aina gani, seli za ute huongezeka sana.

Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kusoma RNA ya seli mojamoja. Kila seli hufungiwa ndani ya tone lake, RNA yake ikabandikwa msimbo wa utambulisho. Hata zikisomwa kwa pamoja, unajua ipi imetoka wapi. Hapo utahesabu seli za ute, kisha utapima MUC2 ndani ya kila moja.

Angalizo kubwa ni utayarishaji. Vimeng'enya vya kutenganisha seli kwenye nyuzi 37 huzishtua, na jeni kama FOS na JUN huamka ndani ya dakika chache. Nimeona watu wakizisifu jeni hizo kama matokeo ya dawa, na inaumiza, maana ni miezi ya kazi. Zigandishe oganoidi haraka kisha usome RNA ya viini vya seli. Utapata RNA kidogo zaidi, lakini mshtuko huo utakuwa umeuepuka.

Tena, seli 5,000 za kisima kimoja cha sahani ya maabara si majaribio 5,000. Jumlisha hesabu kwa kila sampuli, ulinganishe angalau makundi matatu yaliyokuzwa kwa nyakati tofauti, au bora zaidi, yaliyotoka kwa wachangiaji tofauti.

Usomaji huu ni ghali. Kabla ya kuulipia, kata vipande vyembamba, vipake kingamwili inayong'aa inayonasa protini ya MUC2, uhesabu seli zinazong'aa kwenye hadubini. Zikiwa zimepungua nusu, tafuta kwanza kama zinakufa au hazizaliwi.