Maswali na Majibu: Futiboli ya Vyuo Marekani, Msimu wa 1905

Hii ndiyo soka tunayoijua?
Siyo. Ni futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi na kuangushana. Tafadhali, tusirudie tena.

Bingwa wa 1905 alikuwa nani?
Fainali haikuwepo. Chicago ya kocha Amos Alonzo Stagg haikupoteza mechi, Yale nayo haikupoteza, na hazikukutana. Mimi naipa Chicago. Novemba 30 iliifunga Michigan 2-0, timu iliyokuwa imecheza mechi 56 bila kushindwa na haikuwa imeruhusu hata pointi moja msimu ule. Pointi zile 2 zilipatikana pale Denny Clark wa Michigan alipodaka mpira nyuma ya mstari wa goli lake, akajaribu kutoka nao mbio, akarudishwa na kuangushwa hukohuko, jambo ambalo kwa sheria huwapa wapinzani pointi 2. Lawama zote akabebeshwa yeye, kana kwamba wenzake walifunga chochote.

Ni kweli Rais Theodore Roosevelt alitishia kuupiga marufuku mchezo?
Kila mwezi swali hili! Ushahidi wa tishio hilo haupo. Roosevelt aliupenda mchezo, na mwanawe alikuwa akiuchezea Harvard, timu ya mwaka wa kwanza. Oktoba 9 aliwaita Ikulu watu wa Harvard, Yale na Princeton, akawataka wacheze kiungwana. Wakaahidi, wakaenda zao, mifupa ikaendelea kuvunjika. Novemba 25 Harold Moore, mchezaji wa chuo cha Union, aliumia katika mechi dhidi ya New York University, akafariki. Mkuu wa chuo hicho cha New York, Henry MacCracken, ndiye aliyeitisha mkutano wa vyuo, na hapo ndipo chimbuko la chama cha michezo ya vyuo ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA. Lakini watu wanapenda shujaa mmoja, tena awe rais.

Je, kofia ngumu zingewaokoa?
Kofia za wakati huo zilikuwa za ngozi, na kuvaa ni hiari. Ila ugonjwa ulikuwa kwenye sheria. Timu ilitakiwa kusogea yadi 5 kwa majaribio 3, la sivyo inapoteza mpira, basi njia rahisi ikawa kujirundika na kumsukuma mwenye mpira katikati ya watu. Sheria za 1906 zilidai yadi 10, zikatenganisha safu za timu mbili kabla ya mpira kuanza, zikapunguza mchezo kutoka dakika 70 hadi 60. Msidhani vifo viliisha: 1909 vilipanda tena, sheria zikabadilishwa upya. Na mnaponitajia vifo 18 au 19 vya 1905, kumbukeni wengi hawakuwa wa vyuo, bali vijana wa sekondari na timu za mitaani. Hao hakuna aliyewaita Ikulu.

Pasi ya mbele, yaani kumrushia mwenzako mpira kwa mkono kuelekea mbele, ilileta raha mara moja?
Wapi! Iliruhusiwa 1906, lakini ikianguka bila kuguswa, mpira unapewa wapinzani. Makocha wengi wakaiogopa. Septemba 5 Bradbury Robinson wa Saint Louis alirusha ya kwanza dhidi ya Carroll. Ikaanguka, Carroll wakachukua mpira. Akarusha tena baadaye, Jack Schneider akaidaka na kufunga. Saint Louis wakashinda 22-0.