Usiikunje hiyo manila ya A4 katikati: jibu kwa anayetengeneza kadi 100 za Idi

Weka mkasi chini kwanza, mkuu. Umesema umeshanunua manila ya A4 ya gramu 200, kila karatasi utaikunja katikati ikupe kadi moja ya A5 yenye msikiti unaosimama mtu akifungua, na kesho asubuhi unaanza kukata. Ukauliza utumie gundi gani, mkasi au wembe, uuze shilingi ngapi na bahasha uzipate wapi. Hayo yote yatasubiri. Ukikata kama ulivyopanga, mzigo mzima unaweza kuishia jalalani, na mkono wako hautakuwa na kosa lolote.

Karatasi ina nyuzi, na nyuzi zina upande zilikolalia. Kiwandani rojo humwagwa juu ya wavu unaokimbia, nyuzi nyingi zikalala kufuata mwendo wa mashine, na zinabaki hivyo hadi karatasi inafika dukani. Ni sawa na mkeka wa matete: ukiukunja kwa kufuata matete unajikunja wenyewe, ukiukunja kwa kuyakatiza unayavunja. Karatasi ya kuandikia ya gramu 80 inakusamehe kwa sababu ni nyepesi. Manila ya gramu 200 haisamehe. Mkunjo unaokatiza nyuzi unapasuka ngozi ya juu, nyuzinyuzi nyeupe zinachungulia kwenye rangi, na kadi inakataa kufunga. Unaiweka mezani imefungwa, baada ya dakika chache imejifungua nusu. Kwa kadi ya kawaida huo ni uchafu tu. Kwa kadi yenye kitu kinachosimama ni msiba, maana msikiti una mikunjo mingine mitatu na kila mmoja unasukuma upande wake. Uso unainama na kuba linalala pembeni.

Sasa angalia hesabu yako. A4 ni milimita 210 kwa 297, na A4 nyingi nyuzi zake zimelala kufuata ule upande wa 297. Ukiikunja katikati kupata A5, mkunjo wako unapita kwenye upande wa 210, yaani unazikatiza nyuzi zote. Umechagua mkunjo mbaya kuliko yote ambayo karatasi hiyo inaweza kukupa, na umepanga kuurudia mara 100.

Dawa ipo na haina gharama. Kata hiyo A4 vipande viwili vya A5, 148 kwa 210. Nyuzi ambazo zilifuata upande mrefu wa A4 sasa zinafuata upande mfupi wa kipande chako, ule wa 148. Kikunje katikati, mkunjo unapita kwenye 148, unakwenda sambamba na nyuzi. Unapata kadi ya A6, na kila A4 imekupa kadi mbili badala ya moja. Kadi 100 zinakula karatasi 50. Kama mteja anang'ang'ania A5, tafuta A3 yenye nyuzi za upande mrefu, ikate mara mbili, kila nusu itakuwa A4 yenye nyuzi za upande mfupi, na hiyo ndiyo inayokunjika vizuri kuwa A5.

Kinachoniudhi ni hao walimu wa video. Mtu anakwambia "chukua karatasi yoyote ngumu, kunja katikati", halafu anaonyesha kadi imekaa wima kama imepigwa pasi. Hakwambii kwamba karatasi aliyoshika imekatwa maalumu kwa kadi, na aliyeikata alishaangalia nyuzi kabla haijaingia kwenye pakiti. Wewe unafuata hatua zake zote na rula mkononi, kadi inatoka imepasuka, unaamini huna kipaji. Watu wameacha kazi hii kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Na dukani ukiuliza nyuzi za manila hii zimelala wapi, unajibiwa zote sawa. Si sawa. Anayekata karatasi kubwa ya A1 kuwa vipande huigeuza kwa namna itakayompotezea kidogo, kwa hiyo hata rundo moja linaweza kuwa na vipande vya pande mbili tofauti. Usimwamini muuzaji, usiamini maandishi ya pakiti, na mimi pia usiniamini niliposema A4 nyingi ni za upande mrefu. Pima.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Shika karatasi nzima, ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza upande mrefu kwa upande mrefu, kisha mfupi kwa mfupi. Ule upande inapokubali bila ubishi ndiko mkunjo unakoenda na nyuzi. Kwa manila nene tofauti unaisikia kiganjani mara moja. Ukiwa na shaka, kata kipande cha sentimita 5 kwa 5, lakini kabla ya kukikata chora mshale wa penseli unaofuata upande mrefu wa karatasi, la sivyo hutajua kilitoka vipi. Lowesha uso mmoja kwa kidole. Kitajikunja kama bomba, na bomba hilo limelala kufuata nyuzi. Njia ya tatu ni kuchana: ukichana kwa kufuata nyuzi mpasuko unakwenda karibu mnyoofu, ukikatiza unakwenda kombo na kuacha kingo za manyoya. Pima karatasi kadhaa za rundo, usiishie ya juu. Kila uliyoipima itie mshale nyuma.

Nyuzi zikishajulikana, msikiti wenyewe ni vipimo tu. Chukua A5 yako, mkunjo mkuu unapita kwenye 148. Kadi ikifunguliwa nusu, sehemu moja ni ukuta na nyingine ni sakafu, kila moja ina milimita 105. Nje ya eneo la msikiti piga mstari wa mkunjo mkuu, lakini usiupitishe ndani ya msikiti, hapo hapakunjwi. Upana wa msikiti uwe 60, kwa hiyo unabakiza 44 kila upande. Kata mikato miwili iliyonyooka, kila mmoja uanzie 50 juu ya mkunjo mkuu ukaishie 30 chini yake. Mkunjo wa kwanza ni pale juu, 50, unaingia ndani. Wa pili uko 20 juu ya mkunjo mkuu, unatoka nje, na ndio ukingo wa paa. Wa tatu ni pale chini, 30, unaingia ndani. Ukivuta mbele unapata paa lenye kina cha 30 na uso wenye kimo cha 50.

Kuba linakatwa kwenye paa hilohilo. Kitako chake kiwe 30 katikati ya ule mkunjo wa pili, kimo 20, na mstari wa mkunjo usipite chini ya kuba, uishie kwenye mabega ya 15 kila upande. Mabega yakipungua chini ya 10 paa linakosa nguvu ya kusukuma na kuba linayumba.

Kuna jumla moja hapa ambayo wengi hawaipigi: kina jumlisha kimo jumlisha kuba kisizidi upana wa kadi iliyofungwa. Hapa ni 30 na 50 na 20, jumla 100, na kadi yako ni 105. Ukirefusha kuba kwa milimita 10 tu, kadi ikifungwa kuba linachungulia nje kama ulimi, na bahasha italikunja. Kwa hiyo hilali usiibandike juu ya kuba, haina nafasi. Ikate kama tundu kwenye ukuta, kitovu chake kiwe kama 85 juu ya mkunjo mkuu, na nyuma yake ije karatasi ya njano au ya dhahabu. Kadi ikifunguliwa inaonekana juu ya kuba, angani, mahali pake.

Minara ni habari nyingine, na tena ni nyuzi. Nyuzi za kadi sasa zinalala mlalo, sambamba na mkunjo mkuu, kwa hiyo kipande chembamba kinachosimama wima kinalegea na kuinamia mbele. Karatasi huwa ngumu zaidi kwa kufuata nyuzi zake. Kata minara pembeni, upana milimita 8, nyuzi ziende kwa urefu, kisha ibandike kwenye uso wa msikiti. Kutoka chini isizidi 70, kwa sababu ileile ya jumla ya 100.

Kabla ya kukunja chochote, piga mistari kwa kalamu ya bic iliyoisha wino na rula ya chuma. Usikwangue kwa wembe. Wembe unakata nyuzi ulizohangaika kuzipanga, na mkunjo utakatika mtu akifungua kadi mara chache. Mstari wa kalamu unaacha mfereji upande mmoja na tuta upande wa pili. Tuta linatakiwa libaki ndani ya mkunjo. Kwa hiyo mikunjo inayoingia ndani ipigie mstari kutoka nyuma, ule unaotoka nje upigie kutoka mbele. Mikato yenyewe fanya kwa kisu cha karatasi chenye wembe wa kuvunja ncha. Mkasi hauwezi kuingia katikati ya karatasi bila kuikunja. Ukiona wembe unavuta badala ya kukata, vunja ncha hapo hapo.

Gundi: nyuma ya kadi kutakuwa na tundu la msikiti, kwa hiyo inahitaji karatasi ya kufunika. Nyuzi za hiyo ya kufunika ziende upande uleule wa kadi. Hapa ndipo watu wanapoharibu kazi iliyokwisha kuwa nzuri. Gundi nyeupe ina maji, karatasi ikinywa maji inatanuka, na inatanuka zaidi kwa upande wa kukatiza nyuzi. Zikipishana, moja inatanuka huku, nyingine kule, zikikauka kadi inapinda kama kigae na hakuna uzito utakaoinyoosha. Pwani hewa yenyewe ina unyevu, kwa hiyo hata kadi iliyotoka nyoofu inaweza kupinda ikilala usiku nje ya mfuko. Tumia tepu ya pande mbili, au gundi ya stiki, pembezoni tu, usipeleke gundi karibu na mikato ya msikiti. Acha milimita 3 bila gundi kila upande wa mkunjo mkuu. Bandika ukuta kwanza, kisha ikunje kadi nusu ndipo ubandike sakafu, la sivyo karatasi ya nje itakazana na kuzuia kadi kufunga. Weka chini ya vitabu vizito hadi asubuhi, kisha kwenye mfuko wa nailoni.

Kama unachapa rangi kwa printa ya leza, usiweke rangi nzito juu ya mkunjo mkuu. Rangi ya leza ni unga, unakaa juu ya karatasi na unabanduka hata nyuzi zikiwa sawa.

Bahasha iwe C6, 114 kwa 162. Usinunue hata moja kabla hujatengeneza kadi moja kamili ukaifunga na kuifungua mara ishirini. Pima manila yako leo usiku kwa kipande cha maji, kisha andika hapa bomba limelala kufuata mshale au kuukatiza, ndipo tukwambie ukate vipi.