Muulize Fundi: Baiskeli za Chuma na Watu Wake

Barua za mwezi huu zimenikuta barazani kwangu Ngamiani, mikono imejaa grisi, kwa hiyo mhariri akiona alama za vidole asinune. Kwa wageni: mimi ni fundi fiti mstaafu wa karakana ya reli hapa Tanga. Baiskeli za zamani za safari, zile za fremu ya chuma chembamba na usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo, ndizo zinazonipa usingizi na ndizo zinazoninyima.

Shikamoo fundi. Nimenunua baiskeli ya mtumba soko la Memorial hapa Moshi, ya kijani, imechubuka. Kwenye bomba la siti kuna kibandiko kilichobaki nusu, nasoma "Reynolds" na "531". Rafiki yangu anasema ni namba ya mwenye nayo wa zamani. Nataka nikaipige rangi nyeusi. Nimepigwa au nimepata? – Msomaji, Moshi

Marahaba, mwanangu. Nadhani umepata, ila usishangilie kabla ya kupima.

Hiyo 531 ni jina la chuma. Reynolds wa Birmingham, Uingereza, walikuwa watengeneza misumari. Mwaka 1897 Alfred Reynolds akapata hataza ya bomba la baiskeli lililo nene nchani na jembamba katikati. Fremu huchoka pale mabomba yanapoungana, kwa hiyo nyama akaiweka huko, katikati akapunguza. Mwaka 1935 wakatoa 531, chuma kilichochanganywa manganizi na molibdenamu, na kwa miaka mingi baiskeli ya Kiingereza ya kwenda mbali haikuwa na heshima bila kibandiko hicho.

Lakini kibandiko huhamishwa. Chomoa kile kibomba kinachobeba siti, kinachoingia ndani ya bomba la fremu, kifute, upime unene wake kwa venia, ile rula ya kubana ya mafundi. Kikisoma milimita 27.2, una sababu ya kutabasamu. Kikiwa chini ya hapo kwa milimita nzima, soma vizuri maandishi madogo yaliyobaki, maana kuna vibandiko vya fremu nzima pamoja na foki, na kuna vya mabomba matatu makubwa tu. Hata ya matatu si haba. Mimi ninayo moja na sijaitupa.

Rangi nyeusi niachie mimi niikatae kwa niaba yako. Ukishapiga msasa, kibandiko kimekwenda, na pamoja nacho ule mstari wa dhahabu kwenye viungo ambao mtu aliuchora kwa mkono. Ioshe kwa sabuni na sponji, isugue kwa polishi ya gari ukianzia chini ya bomba ambako hakuonekani. Penye nikeli pana kutu? Kunja karatasi ya fedha ile ya kuokea, ichovye maji, sugua taratibu. Utashangaa.

Kutu ya kuogopa ni ya ndani. Ondoa siti, geuza baiskeli magurudumu juu, igonge gonge kwa kiganja uone kinachomwagika. Kikitoka kijiko cha unga mwekundu, vumilia. Vikitoka vipande kama maganda ya karanga, niandikie tena kabla hujatumia hela. Halafu fungua sehemu ya krenki, ile mikono inayoshika pedeli, usafishe gololi, na hapa sikiliza: kwa baiskeli ya Kiingereza, kikombe cha upande wa cheni hufunguka kwa kuzungusha kule ambako kila nati nyingine hukazwa. Nimeona kijana mwenye misuli akining'inia kwenye spana ya futi mbili, anakaza huku anaapa anafungua. Kama yako ni Mfaransa wa zamani au Mwitaliano, hiyo kanuni haipo.

Fundi, niko Nairobi na Dawes yangu ya zamani, baiskeli ya safari ya Kiingereza. Tairi za inchi 27 zimenishinda kupata. Mwenye duka anataka kuniuzia ya Black Mamba, ya inchi 28, anasema zinakaribiana na ukipiga upepo mwingi itakaa. Nikubali? – Msomaji, Nairobi

Usikubali. Hata akikupa bure.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na duka sitalitaja. Tairi iliingia kwenye rimu kwa vidole bila kutumia hata kijiko. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, nikajisifu kuwa nina mkono mwepesi. Tulipanda Amani kutoka Muheza bila shida. Wakati wa kushuka, kwenye kona moja ya vumbi, nikasikia gurudumu la mbele linapiga breki "tap, tap, tap". Nikatazama chini: ukingo wa tairi umepanda juu ya rimu na tyubu imechungulia kama ulimi wa mbuzi. Nilipata muda wa kusema "Ala!" Ikapasuka, nikaishia kwenye michai. Mwenzangu alisimama akauliza kwanza kama baiskeli imepona.

Sababu ni milimita tano. Achana na inchi, zinadanganya. Tafuta pembeni mwa tairi namba ndogo yenye kistari, mfano 32-630. Ya nyuma ndiyo kipenyo cha rimu kwa milimita. Inchi 27 ya Dawes ni 630. Inchi 28 ya Black Mamba, Phoenix na Raleigh ile nzito ni 635. Na ile inayoitwa 700C, ambayo kwa kichekesho wengine huiandika 28 pia, ni 622.

Tiba ni kuhamia 622, tairi zake ziko kila mahali baiskeli za mbio zinapouzwa. Rimu itakuwa ndogo kwa milimita nane, yaani raba za breki zishuke nne. Baiskeli nyingi za safari zina mfereji mrefu kwenye mkono wa breki, nne zinapatikana. Legeza, shusha, kaza, angalia raba haigusi tairi juu wala haining'inii hewani chini.

Ukinunua gurudumu zima la nyuma badala ya rimu, utakutana na jambo lingine. Hapo nyuma fremu yako huenda ina nafasi ya milimita 126, au 120 kama ni ya gia tano. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, za siku hizi ni 130 na kwenda juu. Kwa chuma, 126 kwenda 130 unavuta kwa mikono tu wakati wa kuingiza. Kwenda 135 fremu inabidi ipanuliwe kwa kupindwa kweli, upande mmoja kisha mwingine. Unapimaje kama umepinda sawa? Kwa uzi. Funga uzi kwenye tundu la ekseli upande mmoja, upeleke mbele uzunguke shingo ya fremu, urudi upande wa pili, uvute ukaze. Pima kutoka bomba la siti hadi uzi, kushoto na kulia. Zikilingana, lala. Fremu ya alumini usiifanyie hivyo hata siku moja, itakukatikia mkononi.

Kwa fundi. Siti yangu ya ngozi, Brooks B17, inaota ukungu mweupe kila masika hapa Unguja. Mama kasema nipake mafuta ya nazi. – Msomaji, Unguja

Mama tunamheshimu kwenye mapishi. Mafuta ya nazi yataingia yote, ngozi italegea na katikati itabonyea kama kitanda cha kamba kilichochoka. Ukungu ufute kwa kitambaa kikavu, weka siti juani nusu saa tu, kisha paka nta: ile ya Brooks wenyewe, au nta ya nyuki na uwe bahili, mara mbili kwa mwaka, zaidi upande wa chini ambako hakuna anayepaona. Ile nati ya mbele ya kukazia ngozi iache. Ukilazimika, robo mzunguko tu, na iwe baada ya miaka.

Habari fundi. Bomba dogo la nyuma limepata ufa karibu na ekseli. Fundi vyuma wa hapa Dodoma anataka kulipiga welding ya umeme, dakika tano na elfu tano. Sawa? – Msomaji, Dodoma

Dakika tano ndizo zinazonitisha. Bomba la namna hiyo katikati linaweza kuwa na unene wa nusu milimita. Umeme utalitoboa, na pasipotoboka pembeni patakuwa pakavu kama biskuti, ufa mpya utaanzia hapo hapo. Chuma cha 531 kilikusudiwa kuungwa kwa shaba kwenye moto wa gesi, joto la wastani. Mtafute mzee mwenye mtungi wa gesi na fimbo za shaba, yule anayeziba rejeta na kuunga keria. Mwambie asafishe hadi chuma king'ae, apashe taratibu, na shaba itiririke yenyewe ndani ya ufa, asiirundike juu. Akianza kukueleza bei kabla ya kuutazama ufa, ondoka.

Korogwe mwaka fulani nilikatika pahala hapo hapo, mzee mmoja akaniunga mchana huo huo kwa bei ya soda mbili. Pale alipounga pana donge baya kama kidole gumba. Sijalipaka rangi.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu, tuko wanne tunaotaka kupanda Mombo hadi Lushoto na mizigo likizo ya Desemba. Baiskeli yangu mbele ina meno 52 na 40, nyuma 14 hadi 28. Wenzangu wanaume wananicheka kwamba nitasukuma. – Msomaji, Korogwe

Marahaba, mwalimu. Watasukuma wao. Hesabu unaijua kuliko mimi: 40 kwa 28, kila ukizungusha pedeli mara moja unasogea kama mita tatu. Barabara ile ni kama kilomita 33, na kimo unachopanda kinakaribia kilomita nzima. Mita tatu ukiwa na begi mbili nyuma ni nyingi. Weka friwili, ile seti ya meno ya nyuma, ambayo duara lake kubwa lina meno 34, mita tatu zinakuwa mbili na nusu, na hiyo nusu utaibariki kwenye zile kona za juu.

Angalia mambo mawili. Kibadilisha gia cha nyuma kiwe cha mkono mrefu, na cheni iongezwe pingili hadi ifike duara kubwa la mbele kwa kubwa la nyuma bila kukaza kama uzi wa gitaa. Kutoa friwili ya zamani kunataka ufunguo wake, na zile za Suntour ni wa meno mawili unaopenda kuruka na kukwangua. Ubane na nati ya ekseli kwanza, ushike kwenye jiliwa, kisha zungusha gurudumu lenyewe kama usukani wa lori. Ikisogea robo tu, legeza nati kidogo, endelea.

Mkifika juu nunueni mapeazi, mniletee.

Fundi unatuchosha na baiskeli za Wazungu. Sisi huku Sumbawanga tuna Phoenix na Raleigh zinazobeba gunia la mahindi. Pedeli yangu ya kushoto inacheza, kila nikikanyaga inadunda. Hilo huliandiki. – Msomaji, Sumbawanga

Nakubali lawama. Raleigh ya baba ilikuwa ya kwanza mimi kuifungua, na ilikuwa na ugonjwa huo huo: kotapini, ile pini inayofunga krenki kwenye ekseli yake, imelika.

Legeza nati hadi uso wake ulingane na mwisho wa kotapini, usiitoe, ili nyundo isiharibu meno ya kotapini. Weka kipande cha bomba chini ya krenki, kisimame imara sakafuni, kotapini iangalie ndani yake. Bila hilo bomba unazipiga gololi. Halafu piga mara moja, kwa nguvu. Vipigo vidogo vidogo huipanua kichwa, ikivimba utaitoa kwa drili.

Unapokwenda kununua, chukua ya zamani mfukoni. Raleigh ni milimita 9.5, nyingine nyingi ni 9, na muuzaji atakwambia ni moja. Mpya uipige tupa upande ule bapa, kidogo kidogo, hadi uzi wa nati uchomoze wa kutosha nati kushika. Na kotapini mbili ziingie kwa kupingana: nati ya kulia ikitazama mbele, ya kushoto itazame nyuma, pedeli moja ikiwa juu na nyingine chini. Ukizielekeza upande mmoja miguu haitakaa mkabala, utaendesha kama mtu anayechechemea. Kaza, beba gunia lako kilomita kumi, kaza tena.

Ikigoma kutoka kabisa, mwagia mafuta ya taa usiku, uiache hadi asubuhi. Ya baba ilitoka siku ya tatu.