Besimenti imeingia maji? Usifunge ukuta mpaka mbao zikauke

Wadau habari zenu. Hii naandika kwa ndugu zetu mlionunua nyumba huku Marekani miaka ya karibuni na hamjawahi kuishi na besimenti. Kwetu nyumba inaanza na msingi inapanda juu, chini ya msingi ni udongo basi, sasa mtu anafika huku anaonyeshwa nyumba ina chumba kizima ardhini, kimepigwa rangi, kuna zulia na sofa, anaona kapata nafasi ya ziada kwa bei ile ile. Hakuna anayemwambia kuwa ile ni kama ndoo tupu iliyofukiwa kwenye udongo, na udongo ukishashiba maji yatatafuta pa kuingilia tu.

Mimi niko kaskazini ya New Jersey. Kazi hii sikuisomea, nilifundishwa na mafuriko. Tarehe 1 Septemba 2021, Jumatano usiku, mabaki ya kimbunga Ida yalipita kwetu, pale Central Park New York wakapima inchi 3.15 za mvua ndani ya saa moja tu, ni kama milimita 80, hakuna mtaro wa mji unaobeba kitu kama hicho. Kwangu maji yalipanda mpaka ngazi ya tatu kutoka chini. Baada ya hapo nikafanya kazi miaka miwili na fundi mmoja mzee, Mreno wa Newark, tukibomoa na kujenga upya besimenti za watu, na karibu yote ninayowaambia hapa nimeyatoa kwake au kwenye makosa niliyoyaona kwa macho.

Kwanza kabisa roho yako. Ukikuta maji chini usikanyage, hata kama ni ya kifundo cha mguu, mpaka una uhakika umeme umezimwa, na kama boksi la breka liko huko huko chini basi ita watu wa umeme wakate kutoka nje. Ukisikia harufu ya gesi toka nje na familia nzima, simu utapigia barabarani. Na jenereta haiingii ndani, wala haikai karibu na dirisha, ule moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu na watu wanaenda nayo wamelala.

Kitu kinachowashangaza wengi ni kwamba maji hayatakiwi kuvutwa yote kwa mpigo. Kama besimenti imejaa na udongo wa nje bado umelowa tepetepe, ule udongo unasukuma ukuta kwa nguvu kubwa sana, na maji ya ndani ndo yanayousaidia ukuta kusimama. Ukiyatoa yote kwa saa mbili ukuta unaweza kupinda ndani au kupasuka kabisa. Toa kama theluthi moja kwa siku, weka alama ukutani na chaki, ukikuta asubuhi yamerudi kwenye alama ujue nje bado kumejaa, subiri. Inaumiza kuangalia, najua, mie nilikaa kwenye ngazi nikiangalia mabegi ya nguo na albamu za picha za mama yangu zinaelea, lakini ukuta wa msingi ukienda hiyo ni nyumba imeenda.

Ukishamaliza maji ndo mbio zinaanza, maana ukungu unahitaji saa 24 mpaka 48 tu kuanza kuota. Toa zulia, toa godoro, toa sofa, usihurumie kitu kilichonyonya maji, hasa kama maji yalitoka kwenye mfereji wa choo. Piga picha kila kitu kabla hujakitupa, na mstari wa maji ukutani upige picha na futi ya kupimia ikionekana pembeni. Alafu kata jipsamu, zile karatasi ngumu zinazopigiliwa kwenye fremu ya mbao kuwa ukuta wa ndani. Watu wanakata pale pale mstari wa maji ulipoishia, hilo ni kosa, jipsamu inanyonya maji kwenda juu kama utambi wa koroboi, maji yalifika futi moja lakini ndani ya ukuta unyevu uko futi mbili au zaidi. Sisi tulikuwa tunakata kuanzia urefu wa futi nne mpaka sakafuni kwenye ukuta mzima, kwa sababu karatasi moja ya jipsamu ina upana wa futi nne, wakati wa kurudisha unailaza tu haina vipande vipande. Ile sufi ya insulesheni, inayojazwa ndani ya ukuta kuzuia baridi, ikilowa nayo inatoka yote, hairudi tena kazini hata ikikauka.

Ila kabla hujapiga nyundo angalia umri wa nyumba. Kama ilijengwa kabla ya 1978 rangi yake inaweza kuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na ukikuta vigae vya zamani vya sakafu vyenye inchi 9 kwa 9 na gundi nyeusi chini yake, simama, hivo vinaweza kuwa na asbesto, vumbi lake linaharibu mapafu, usivivunje wala kuvikwangua, ita mtu mwenye ujuzi achukue kipande kikapimwe maabara kwanza. Nimeona vijana wetu wanakwangua hiyo gundi siku nzima bila hata barakoa, wanalipwa pesa ya siku wanafurahi. Mapafu hayanunuliki jamani.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe hasa lililonifanya niandike. Kuna mama mmoja, mtu wa Bukavu, alinipigia mwezi wa nne 2022. Besimenti yake ilikuwa imejaa usiku ule ule wa Ida, akapata kontrakta wa haraka, wiki mbili tu kila kitu kikawa kipya, ukuta mweupe, sakafu ya mbao za kubandika, taa za dari. Nikashuka nikasema mbona pamependeza. Akaniambia, "Baba, pamependeza lakini hii harufu inatokaka wapi? Mtoto anakohoa kila usiku." Nikatoa ubao mmoja wa skating, ule unaozunguka chini ya ukuta, kwa bisibisi, nyuma yake kulikuwa kweusi. Nikakata dirisha dogo kwenye jipsamu, kama la kupitisha kichwa, nikamulika na tochi ya simu. Upande wa mbele rangi nyeupe safi, upande wa nyuma karatasi ya jipsamu ilikuwa na manyoya ya kijani na meusi kama ngozi ya mnyama, na ile mbao ya chini nilipoibonyeza kwa kidole gumba ikabonyea. Walifunga mbao ikiwa bado mbichi. Mama wa watu akakaa kwenye ngazi akanyamaza, alikuwa ameshalipa dola elfu kumi na nane.

Ule ukuta ungepona kwa kipimo cha dola arobaini. Kuna kidude kina sindano mbili unachoma kwenye mbao kinakupa asilimia ya unyevu, kinauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Yule mzee wangu alikuwa anabandika kipande cha tepu ya karatasi kwenye kila mbao ya fremu, anaandika tarehe na namba kwa penseli, kila asubuhi kabla hajanywa kahawa. Kwangu mbao ya pembeni karibu na fanesi, mashine ya kupasha nyumba joto, ilianza 31, ikaja 27, 24, ikakwama 19 siku nne mpaka nikakata tamaa, alafu 16, 14. Mzee alikuwa haguswi, juu ya 15 hafungi, hata mwenye nyumba akipiga kelele. Mimi ilinichukua siku 19, na nilikuwa na dihumidifaya mbili (mashine za kunyonya unyevu hewani) na feni nne usiku na mchana, madirisha yamefungwa, kwa sababu ukifungua madirisha wakati wa joto la Septemba unaingiza unyevu wa nje alafu unalipa umeme kuutoa. Kontrakta akikwambia mbao zimekauka, mwambie akuonyeshe namba.

Sakafu ya zege nayo inadanganya, juu inaonekana kavu. Kata nailoni futi moja na nusu kila upande, ibandike kwa tepu pande zote nne, iache mpaka kesho yake. Ukiikuta na jasho chini yake au zege limebadilika rangi, usiweke chochote juu bado.

Kuhusu ukungu, kila mtu anakimbilia jiki. Kwenye kioo na vigae sawa, lakini kwenye mbao jiki inang'arisha tu juu, mzizi uko ndani. Sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni, kausha, piga msasa, fyonza vumbi. Barakoa iwe ile ya N95, inayochuja vumbi laini, au zaidi. Na usichanganye jiki na dawa yenye amonia kamwe, mvuke wake ni sumu.

Mbao zinapokauka wewe utakuwa na muda, tumia huo muda kujua maji yaliingilia wapi, maana ukijenga bila kujua utajenga tena. Yaliingia kutoka juu kupitia kidirisha? Yalipanda kwenye tundu la sakafu? Au yalitoka pale ukuta unapokutana na sakafu? Ni matatizo matatu na dawa zake tofauti. Ukiona chumvichumvi nyeupe ukutani ujue ukuta umekuwa ukivuja jasho miaka mingi kabla yako. Anza nje, ndo rahisi: safisha mifereji ya paa, yale mabomba ya kushusha maji yaongezwe yakamwage mbali, futi sita au zaidi, na udongo uteremke kutoka kwenye nyumba kama inchi 6 ndani ya futi 10. Nusu ya besimenti nilizoziona zilikuwa na bomba la paa linalomwaga maji pale pale kwenye msingi! Kama yalirudi na mfereji wa choo, fundi bomba akuwekee valvu inayofungua kwenda nje tu. Rangi za ndani za kuzuia maji wanazokuuzia kwa ndoo hazishindani na maji yanayosukuma kutoka nje, zinafanya malengelenge zinabanduka.

Kujenga upya, jenga kama mtu anayejua maji yatarudi. Mbao ya chini inayogusa zege iwe ile iliyotiwa dawa. Kwenye ukuta wa zege weka mbao za foamu ngumu, sio sufi. Jipsamu isiguse sakafu, acha nusu inchi, skating itaficha. Sakafuni vigae, zulia hapana, hata kama mkeo analipenda. Soketi za umeme zipande juu, hita ya maji na fanesi zikae kwenye jukwaa la bloku.

Bima nayo, tusidanganyane. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali, ile ya NFIP chini ya FEMA, shirika la serikali la maafa, inasubiri siku 30 ndo ianze, kwa hiyo huwezi kununua leo kimbunga kikiwa kimetangazwa kesho. Na kwenye besimenti inalipa fanesi, hita, boksi la umeme, jipsamu isiyopakwa rangi na usafi, lakini sakafu nzuri na fanicha ni juu yako. Maji yakirudi kupitia mfereji wa choo kuna nyongeza yake kwenye bima ya nyumba, huku wanaiita water backup, iulizie kwa jina na upate kwa maandishi.

Kontrakta hapa New Jersey lazima awe amesajiliwa na jimbo, angalia namba yake kabla hujatoa hata senti, lipa kwa awamu, na kibali cha mji kitoke kwa jina lake. Mimi kuna mmoja alichukua nusu ya pesa yangu akabomoa nusu ya ukuta, sikumuona tena.

Na kwa mnaopangisha chini au mnaolaza wageni kutoka nyumbani. Usiku ule wa Ida watu 13 walifariki New York mjini, 11 kati yao walikuwa kwenye besimenti. Chumba cha kulala chini lazima kiwe na dirisha la kutokea mtu mzima, kanuni nyingi zinataka uwazi wa futi za mraba 5.7 na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Ila hata ukiwa nalo, kukitangazwa mafuriko hakuna anayelala chini. Hata kwa dakika kumi. Mlango wenye maji futi mbili nyuma yake mtu mmoja hausukumi.

Mwisho ile pampu ya shimoni, inayokaa kwenye shimo la sakafu ya besimenti na kutoa maji yanayokusanyika humo. Iwe na betri, kwa sababu umeme unakatika saa ile ile mvua inapozidi. Mimi kila mwezi wa tatu namwaga ndoo mbili kwenye shimo, nasubiri boya linyanyuke, naisikia inanguruma, natoka nje kuona maji yanatokea wapi, alafu nachomoa waya wa umeme ukutani narudia tena na betri peke yake. Mwaka jana betri ilikuwa imekufa na sikujua. Nimenunua nyingine siku hiyo hiyo.