CG 125 ya zamani inayotoa moshi mweusi

Shikamoo mzee. Unasema pikipiki yenu ya Honda inakohoa na kutoa moshi mweusi kila mama akipanda nyuma. Usikimbilie pistoni, mafuta ya injini yakiungua moshi huwa wa buluu; mweusi ni esanse (petroli) nyingi kuliko hewa. Hapa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa nyepesi, na vumbi la volkano huziba sponji ya filta ya hewa. Ioshe kwa mafuta ya taa, ikamue bila kuisokota (itachanika), ikauke, uipake mafuta ya injini kidogo. Buji (plagi ya cheche) ikibaki na masizi, hamisha kibanio cha sindano ya kabureta (kifaa kinachochanganya esanse na hewa) mkato mmoja juu: sindano itashuka, esanse itapungua. Mwanya wa buji, milimita 0.6 hadi 0.7. Mama ashike tochi, kibanio hicho huruka.