Usilipe hizo rimu za baiskeli. Ingia baharini kwanza

Usilipe. Kama pesa bado ziko kwenye simu, ziache hapo hapo, na kama umeshatuma arbuni mpigie muuzaji sasa hivi kabla hajafunga duka.

Katika ujumbe wako umesema una shilingi elfu tisini na wiki kumi kabla ya triathloni yako ya kwanza, ile fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Umeuliza ununue rimu gani za kaboni, viatu gani, ule nini asubuhi ya mashindano na ufanye mazoezi mara ngapi kwa wiki. Halafu mwisho kabisa ukaongeza kwamba kuogelea si tatizo, unaenda kwenye bwawa la hoteli kila Jumapili, na kocha amekuhakikishia kwamba mita 750 ni kidogo na mshindi hupatikana kwenye baiskeli. Nilipofika hapo nilisimama kusoma. Miaka mitatu iliyopita mimi niliambiwa maneno hayo hayo, hapa hapa Mombasa, na mtu aliyejiita kocha. Nikamwamini.

Nilinunua baiskeli ya kaboni kwa laki moja na themanini. Zilikuwa akiba zangu pamoja na mkopo wa chama. Yule kocha alinipeleka dukani mwenyewe, akanichagulia mwenyewe, na baadaye sana nikaja kujua kwamba kila baiskeli iliyouzwa kupitia kwake alikatiwa fungu lake. Mpaka leo nikikumbuka nakereka. Si kwa sababu alipata pesa, kila mtu ana watoto. Nakereka kwa sababu alijua sijui kuogelea baharini na akanyamaza ili biashara isiharibike.

Nisikilize vizuri kuhusu hilo bwawa. Langu lilikuwa na urefu wa mita 15. Mita 750 humo ni mara hamsini, kwa hiyo kila nilipomaliza "mita 750" nilikuwa nimeshika ukuta mara hamsini. Kila ukuta nilivuta pumzi moja ya ziada, nikajisukuma kwa miguu, nikateleza mita mbili au tatu za bure. Sikuwahi kuogelea mita 750 hata siku moja. Niliogelea mita 15 mara hamsini, na hicho ni kitu kingine kabisa. Chini niliona vigae, nikafuata mstari, nikaenda sawa. Baharini hakuna mstari wala ukuta.

Najua kuna watakaosema mtu wa Mombasa hawezi kushindwa na bahari. Nimezaliwa Kisauni, utoto wangu wote Jumapili na Idi tulikuwa ufuo wa Pirates. Lakini tulikuwa tunaoga. Maji ya kiunoni, bomba la tairi la kukodi, viazi karai, tunarudi nyumbani. Kuoga baharini na kuogelea baharini ni mambo mawili, na wengi wetu tumelichukua la kwanza tukadhani ni la pili.

Siku ya mashindano tulianza saa moja asubuhi, kipindi cha kusi, ule upepo mkali wa kutoka kusini, tena siku za bamvua. Kama hujui maana yake, ndiyo sababu naandika. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yetu hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu. Siku hizo hapa Mombasa maji hujaa kama saa kumi alfajiri na hupwa kabisa kama saa nne asubuhi. Saa moja ni katikati, wakati ambapo maji yanakimbia kwa kasi kuliko wakati wowote, yakitafuta pa kutokea kwenye milango ya mwamba, yaani zile nafasi zilizo wazi katika mwamba wa baharini. Mimi sikujua lolote katika hayo. Nilijua uzito wa baiskeli yangu mpaka gramu.

Filimbi ilipolia tuliingia kwa pamoja. Nikapigwa teke la mdomo, mtu mwingine akanipanda miguuni. Nikainua kichwa kutafuta boya, nikaona wimbi tu. Nikavuta pumzi upande wa kulia kama nilivyozoea, na wimbi la kusi likaja upande huo huo likanijaza maji ya chumvi kooni. Chini sikuona kitu ila kijani. Hapo kifua kikabana. Sikuwa nimechoka, nilikuwa nimekwenda labda mita mia mbili, na mbio nilikuwa nakimbia kilomita kumi bila shida. Ilikuwa hofu. Pumzi zikawa fupi fupi, mikono ikawa inapiga maji badala ya kuyavuta, na mkondo ukawa unanipeleka kando kila niliposimama kukohoa.

Mbele yangu palikuwa na kayaki ya waokoaji, hatua kumi hivi. Sikuishika. Kocha alikuwa ameniambia ukishika chombo chochote umeondolewa, kwa hiyo nikapita kando yake nikiendelea kunywa maji. Soma sentensi hii mara mbili: KANUNI ZINARUHUSU. Unaweza kushika boya au chombo kilichosimama, ukapumzika, ukakohoa, ukatulia, mradi kisikusogeze mbele. Unaweza hata kusimama ukifikia mchanga. Ningeijua kanuni hiyo ndogo ningepumzika dakika moja, kisha ningeendelea. Badala yake vijana wa boti walinivuta kwa mikono baada ya kuniona nimeacha kuinua kichwa. Mke wangu alikuwa ufuoni na mtoto begani, akiona yote.

Wataalamu wa Marekani waliochunguza vifo vya ghafla kwenye triathloni walikuta zaidi ya nusu vilitokea kwenye kuogelea, si kwenye baiskeli wala kwenye mbio. Ndiyo sababu sina lugha laini leo. Ukiona kifua kinabana hata mazoezini, pima moyo kwanza.

Na baiskeli? Ilikuwa imeegemea mahali pake, safi, chupa ya maji imejaa. Ukitolewa majini, mashindano yako yamekwisha, hakuna anayekuruhusu upande baiskeli. Laki moja na themanini hazikuguza barabara siku ile hata mita moja. Niliiuza kwa laki na kumi. Lakini elfu sabini zilizopotea si hasara kubwa. Hasara kubwa ni kwamba nilikaa miezi saba bila kukanyaga maji, na mwanangu alipotaka twende ufuoni nilitafuta visingizio.

Aliyenirudisha ni mvuvi mmoja mzee wa Bamburi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza. Hakuniuliza habari ya mazoezi wala baiskeli. Aliniuliza mwezi uliandama lini. Nikashindwa kujibu. Akasema, "Sasa wewe uliingia kwa nani, na hukuuliza mwenyewe yuko vipi?" Kuanzia siku ile sijaingia majini bila kujua mwezi na saa ya kujaa.

Basi kanuni yangu ni moja: usinunue chochote cha baiskeli mpaka umeogelea mita 750 baharini, mfululizo, mara tatu, siku tatu tofauti. Wiki zako kumi zinatosha ukianza sasa. Anza siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji yakiwa yanajaa, na kaa mbali na milango ya mwamba maji yakipwa. Ogelea sambamba na ufuo mahali unapoweza kusimama. Funga kidumu kitupu cha lita tano kiunoni kwa kamba ya mita moja na nusu, ukipaka rangi ya chungwa boti zitakuona, na ukichoka kitakubeba. Usiende peke yako hata mara moja. Jifunze kuvuta pumzi pande zote mbili ili wimbi lisikuchagulie. Kila mikono minane inua macho tu, si kichwa chote, utafute kitu kirefu, mnazi au jengo lililo nyuma ya boya, kwa sababu boya lenyewe wimbi litalificha. Na kabla ya yote jifunze kugeuka ukalala chali katikati ya mawimbi na kupumua mpaka moyo ushuke. Ukiweza hilo, mengine ni kuzoea. Ukifika wiki ya sita, alika marafiki wanne muogelee mkigusana, wakupige mateke makusudi.

Mtu asikudanganye na zile suti za mpira unazoziona kwenye video za Ulaya. Zinamsaidia mwogeleaji kuelea, kweli, lakini kwa sisi wasio wa kulipwa haziruhusiwi maji yakizidi nyuzi 22, na ya kwetu hayashuki kufikia hapo. Hapa unaelea kwa mapafu yako.

Kuhusu baiskeli, nilimaliza mashindano yangu ya kwanza mwaka uliofuata kwa baiskeli ya mtumba ya elfu ishirini na nane, breki nzuri, tairi mpya. Rimu za kaboni zenye ukuta mrefu kwenye upepo wa kusi unaokuja ubavuni zinaweza kukusukuma mpaka katikati ya barabara, ukutane na matatu. Helmeti nunua nzuri, na ifunge kabla hujaigusa baiskeli, ukisahau unaadhibiwa. Siku ile nilitoka majini karibu wa mwisho, nikawapita watu kumi na mmoja barabarani, na sikuwahi kuona mchanga mzuri kama ule niliokanyaga nikitoka baharini kwa miguu yangu.

Jumamosi mimi na wenzangu watatu tunaingia Bamburi, maji yatakuwa yanajaa kuanzia asubuhi. Kama uko karibu, njoo na miwani ya kuogelea na kidumu. Kamba ninayo.