Nililazwa, narudi nakuta barua ya kufukuzwa

SWALI: Habari mhariri, niliugua ghafla nikalazwa, simu imeisha chaji sikuweza kumtaarifu bosi, kurudi kazini getini napewa barua eti nimefukuzwa kwa utoro, hata kuniuliza hawajaniuliza. Hii ni haki kweli?

JIBU: Pole sana ndugu. Hapana, si haki, na inaniuma kuona watu wanavyofanyiwa hivi. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1982 unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au kuumia si sababu halali ya kumfukuza mtu, na mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kwanza kabla hajaachishwa. Wewe hukuitwa hata kikao. Sasa usikae kimya, kachukue karatasi ya hospitali inayoonyesha tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa, itoe kopi, andika barua ya kupinga uikabidhi kwa mwajiri na nakala yako wakugongee muhuri wa kupokelewa, halafu nenda chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi mapema maana muda wa kulalamika huwa mfupi. Na usisaini karatasi yoyote ya kwamba umeacha kazi mwenyewe, hata wakikuahidi hela.